Maisha ya Bernhard Grzimek, na Siku ya Jamaa Ngorongoro

Muhula huu, shuleni kwetu hapa Iguguno, kuna shauri moja linalozungumzwa kila mahali, tangu darasani hata gulioni. Ni shauri la siku ya jamaa, yaani wanafunzi pamoja na wazazi wao na wadogo zao waende kutazama wanyama Ngorongoro. Wengi wamelipokea kwa furaha. Lakini wako wazee waliouliza, tena kwa haki, kwa nini mtu achukue fedha za alizeti yake, aliyoilimia jua kutwa, akazitumie kwenda kumtazama punda milia. Swali hilo halifai kudharauliwa, kwa maana fedha za mkulima ni jasho lake.

Mimi ni mwalimu wa historia, na mwalimu wa historia akiulizwa swali hukimbilia kwa waliotangulia. Basi nimeona nilijibu swali hili kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake yote ilisimama juu ya jambo hilihili: faida ya jamaa kwenda pamoja kutazama wanyama. Mtu huyo ni Daktari Bernhard Grzimek, Mjerumani, ambaye jina lake linajulikana sana katika habari za Serengeti. Wasomaji wadogo wasihangaike na jina lake. Litamkeni karibu na Gzimek, mtakuwa mmekaribia.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, jimbo la Silesia. Siku zile mji huo ulikuwa wa Ujerumani. Leo umo katika nchi ya Poland na huitwa Nysa. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alifariki mwaka 1912, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Hivyo alilelewa na mama yake. Tangu utoto alipenda sana kufuga, na mifugo yake ya kwanza ilikuwa kuku. Sisi wa Singida, ambao kuku wetu husafirishwa mpaka Dar es Salaam na kusifiwa huko, tunajua kwamba mtoto anayeamka alfajiri kuwafungulia kuku hujifunza mengi: hujifunza kuhesabu, kutambua mgonjwa kabla hajafa, na kutolala kabla ya kufunga mlango wa banda. Mambo hayo matatu tutayakuta tena mbele katika maisha ya mtu huyu.

Mwaka 1928 alianza masomo ya udaktari wa wanyama, kwanza Leipzig kisha Berlin, na mwaka 1932 akapata shahada yake ya udaktari. Kazi zake za mwanzo hazikuwa za simba wala tembo. Alifanya kazi ya serikali juu ya mayai na magonjwa ya kuku. Alikuwa amekwisha kuoa mwaka 1930, akapata watoto, na mmoja wao, aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1934, aliitwa Michael. Msomaji alishike jina hilo la Michael, kwa maana habari za baba haziwezi kusimuliwa bila za mwana.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikiisha mwaka 1945, Grzimek alifika mji wa Frankfurt. Mji ulikuwa umepigwa mabomu mpaka mitaa mizima ikawa mafungu ya matofali. Bustani ya wanyama ya mji huo, iliyofunguliwa mwaka 1858 na kupendwa na wenyeji kwa vizazi, ilikuwa imebomolewa mwaka 1944. Nyumba za wanyama zilikuwa zimeungua, ardhi ilikuwa na mashimo ya mabomu, na wanyama waliosalia walikuwa wachache mno. Shauri la akili ya kawaida lilikuwa kuifunga na kugawa kiwanja. Watu hawakuwa na mkate; nani angekumbuka chakula cha kiboko?

Grzimek alifanywa mkuu wa bustani hiyo, naye akakataa kuifunga. Mashimo yakafukiwa, uzio ukasimamishwa, na tarehe 1 Julai 1945, miezi miwili tu baada ya vita kwisha huko Ulaya, milango ikafunguliwa. Kwa kuwa wanyama walikuwa wachache, alileta vivutio vingine: bembea za kuzunguka, sarakasi, ngoma za kucheza, maigizo, na mafundi wa kutembea juu ya waya uliotandazwa juu sana. Watu wakaja kwa maelfu, baba, mama na watoto. Wengi wao hawakuwa na paa juu ya vichwa vyao, lakini walitoa senti zao mlangoni ili watoto wacheke siku moja. Na senti zile ndizo zilizonunua majani ya wanyama na saruji ya kujenga nyumba zao upya.

Hapa ndipo ninapoomba wazee wetu wasimame kidogo. Mtu angeweza kusema kwamba wakati wa njaa si wakati wa bembea. Lakini Grzimek aliona mambo mawili kwa pamoja. Aliona kwamba mtu aliyeteseka sana ndiye anayehitaji zaidi siku moja ya kukaa na watoto wake kwa furaha. Tena aliona kwamba mnyama hawezi kujilipia gharama zake. Hulishwa na yule aliyekuja kumtazama akampenda. Aliongoza bustani ile mpaka mwaka 1974, karibu miaka 29, na aliiacha ikiwa miongoni mwa bustani zinazojulikana duniani.

Nchi nyingine pia ziliijua hamu hii ya jamaa kutoka pamoja. Huko Copenhagen, Denmark, iko bustani ya starehe iitwayo Tivoli tangu mwaka 1843. Huko California, Marekani, Walt Disney alifungua Disneyland tarehe 17 Julai 1955, na jamaa nyingi huweka akiba muda mrefu ili wapate siku moja ya kuingia humo. Jambo la kuchekesha kwetu sisi ni kwamba, tangu siku ile ya kwanza, kimoja cha vivutio vyake ni safari ya mashua katika mto uliochimbwa na watu, na humo viboko na tembo huibuka wakitikisa vichwa. Lakini viboko hao na tembo hao ni mashine. Watu husafiri kutoka mbali, hulipa, na hufurahi kumwona kiboko wa chuma. Sisi wa Iguguno tuko mwendo wa siku moja tu kutoka kwa kiboko mwenye pumzi.

Sasa turudi kwa Grzimek. Katika miaka ya 1950 alianza kusafiri Afrika. Mwaka 1954 alifika Kongo pamoja na Michael, katika misitu ya Ituri, na mwaka huohuo okapi alipelekwa Frankfurt. Okapi ni mnyama wa msituni, jamaa ya twiga, mwenye miguu ya mistari kama punda milia. Katika safari za namna hii baba na mwana waliona jambo lililowahuzunisha: misitu ilikuwa ikipungua, watu wakiongezeka, na wanyama wakikosa mahali. Michael alikuwa kijana bado, lakini alikuwa na kichwa cha mipango. Wakatengeneza sinema juu ya habari hizo, nayo ikaonyeshwa mwaka 1956. Sinema ile ilipata tuzo huko Berlin, na ikaleta fedha nyingi kuliko walivyotazamia. Watazamaji wake walikuwa nani? Jamaa zilezile: baba na mama waliochukua watoto wao kwenda sinema.

Fedha hizo wangeweza kuzitia mfukoni. Badala yake waliziweka tayari kwa ajili ya Serengeti. Wakati ule Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Mbuga ya Taifa ya Serengeti ilikuwa imekwisha kuwekwa, na tangu mwaka 1951 ilikuwa na mipaka iliyoingiza ndani pia Ngorongoro. Lakini mwaka 1956 serikali ya kikoloni ilitoa mpango wa kuipunguza na kuigawa. Baba na mwana walitaka kutoa fedha zao zinunue ardhi ili mbuga isipungue. Mkurugenzi wa mbuga za taifa, Peter Molloy, aliwashauri jambo lingine lenye manufaa zaidi. Mipaka ilikuwa ikichorwa bila mtu yeyote kujua wanyama ni wangapi, wala wanapita wapi mvua zikija na zikikoma. Aliwaomba wakawahesabu.

Kuhesabu! Yule mtoto wa kuku alikuwa amerudia kazi yake ya kwanza, ila safari hii banda lake lilikuwa kubwa kuliko wilaya nyingi. Wote wawili walijifunza urubani. Wakanunua eropleni ndogo aina ya Dornier, yenye uwezo wa kuruka polepole na kutua mahali pafupi, wakaipaka mistari meusi na meupe kama punda milia. Mnamo Desemba 1957 waliondoka Ujerumani, wakasafiri wenyewe maelfu ya kilomita mpaka Tanganyika.

Namna yao ya kuhesabu ilikuwa hivi. Waliigawa nchi katika vipande, wakaruka juu ya kila kipande kwa mistari iliyonyooka, wakiwa chini kiasi cha kutambua wanyama, na kila mmoja aliyeketi dirishani akahesabu upande wake. Si kazi nyepesi. Jua linapiga machoni, eropleni inatikisika, na chini makundi ya nyumbu yanatembea kama mchwa. Walipojumlisha, walipata wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa karibu 99,000. Watafiti waliofuata walitumia picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo hazichoki kama jicho la mtu, na njia za kuhesabu zikawa bora zaidi. Hata hivyo hesabu ile ilikuwa ya kwanza ya namna yake huko, na ndiyo iliyofungua njia. Kadhalika waliwakamata baadhi ya wanyama, wakawatia alama na kola za rangi, ili wakionekana tena ijulikane wamekwenda wapi. Hivyo wakagundua kwamba makundi yale katika mwaka hutembea nchi kubwa sana, na kwamba mipaka mipya iliyopendekezwa ilikuwa ikiacha nje sehemu za malisho yao.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael aliruka peke yake. Ndege tai aligongana na bawa la eropleni, chombo kikaanguka, naye akafa papo hapo. Umri wake ulikuwa miaka 24. Aliacha mke kijana na familia changa. Baba yake alimzika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo mtu akisimama huona chini bonde lote na wanyama wake. Huko pakajengwa mnara wa mawe wa kumbukumbu.

Nimefundisha watoto muda mrefu, na najua hakuna mzazi anayesoma habari hiyo bila kunyamaza kidogo. Grzimek alikuwa na haki ya kufunga kazi siku ile na kurudi kwao. Hakufunga. Kitabu juu ya Serengeti alikikamilisha, na jina la mwanawe likakaa juu yake pamoja na lake. Sinema waliyokuwa wakiipiga pamoja aliimaliza, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani kwa sinema ya habari za kweli. Kitabu kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Watu wengi ambao hawakuwahi kulisikia neno Serengeti wakalijua.

Mwaka huohuo wa 1959 serikali ilikata shauri. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikafanywa eneo la hifadhi ambamo Wamasai na mifugo yao wangeendelea kuishi pamoja na wanyama pori. Na Serengeti ikapewa nyongeza upande wa kaskazini, hadi mpaka wa Kenya. Haikuwa kama Grzimek alivyotaka.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wasimulizi wa sifa huliruka. Grzimek aliamini kwamba ng'ombe na wanyama pori hawawezi kukaa mbuga moja, na alitaka mbuga ziwe bila watu wanaoishi ndani. Lakini Wamasai walikuwa wakichunga katika nyanda zile kabla ya mipaka yoyote kuchorwa, na walipotolewa Serengeti katika miaka ile ya 1958 na 1959 walipoteza malisho na visima walivyovijua. Wanyama ambao wageni walikuja kuwaokoa walikuwa hai kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, wenyeji wale hawakuwa na desturi ya kuwawinda kwa nyama. Shauri la nani akae Ngorongoro, na kwa masharti gani, limeendelea kubishaniwa mpaka miaka yetu hii. Kijana atakayesimama ukingoni mwa kreta ajue kwamba nchi ile nzuri ina historia ya watu pia, wala si ya wanyama peke yao.

Tena elimu imetufundisha jambo ambalo Grzimek mwenyewe, akiwa daktari wa wanyama, angelielewa vema. Nyumbu wale wa Serengeti, ambao kwa hesabu yake hawakufika 100,000, walizidi 1,000,000 katika miaka ya 1970. Sababu kubwa haikuwa bunduki za askari wa mbuga tu. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga walichanjwa ugonjwa wa sotoka, na sotoka ilipoacha kuwapata ng'ombe, ikaacha kuwaua ndama wa nyumbu. Afya ya zizi ilikuwa afya ya mbuga. Kila mfugaji wa Mkalama aliyewahi kupeleka ng'ombe wake kwenye chanjo anaweza kujua kwamba kazi ya namna ileile iliwahi kuwaokoa nyumbu.

Nirudi kwa Grzimek na sanduku lake la televisheni. Tangu mwaka 1956 mpaka mwaka wa kufa kwake, alikuwa na kipindi cha wanyama kilichopendwa sana Ujerumani. Aliingia katika chumba cha kupigia picha akiwa na mnyama hai, labda nyani mdogo, labda duma, naye mnyama akimpanda begani au akichezea karatasi zake, aliendelea kusema taratibu kama mwalimu wa darasa. Mwishoni aliwaomba watazamaji wachangie fedha kwa ajili ya wanyama. Jamaa nzima zilikaa pamoja kumtazama.

Katika kipindi hicho alifanya hila moja ambayo imesimuliwa sana. Wakati ule safari ya kuja Afrika Mashariki ilikuwa ya matajiri. Grzimek akatangaza kwamba mtu anaweza kwenda kuwaona wanyama wa Afrika Mashariki kwa mark 2,100 tu. Kwa kweli safari ya bei hiyo haikuwako. Lakini watazamaji walipokwenda kuiulizia kwenye ofisi za safari, wenye ofisi wakaona kuna wateja, wakaipanga. Siwashauri wanafunzi waige hila hiyo katika mtihani! Ila nataka waone fikra yake. Aliona kwamba nchi maskini inayotaka kujenga shule na hospitali haitaweza kutunza wanyama kwa sababu ya huruma tu. Ni lazima wanyama walete kitu, na kitu hicho kitaletwa na watu wa kawaida, jamaa zilizoweka akiba, wala si na wawindaji wachache wenye bunduki za bei kubwa.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wengi huko ng'ambo walihofu kwamba Waafrika wakishika serikali mbuga zitakwisha. Hofu hiyo ilikuwa ya bure. Miezi mitatu kabla ya Uhuru, Septemba 1961, Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kutoa tamko huko Arusha kwamba kuwatunza wanyama pori ni dhamana ya taifa. Mwaka 1963 chuo cha elimu ya wanyama pori kikafunguliwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, ili Waafrika wenyewe wawe wakuu wa mbuga. Grzimek alishirikiana na viongozi wetu, na chama cha Frankfurt alichokiongoza kiliendelea kusaidia Serengeti kwa magari, ndege na utafiti. Taifa changa likaongeza mbuga baada ya mbuga. Ngorongoro iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1979, na Serengeti mwaka 1981.

Bernhard Grzimek alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 77. Hakufia kitandani. Alikuwa ameketi miongoni mwa watazamaji wa sarakasi, akitazama onyesho la simbamarara, moyo ukasimama. Alianza kazi yake Frankfurt kwa kuwaleta watu wa sarakasi ili jamaa zilizovunjikiwa nyumba zifurahi, na akafa akiwa mtazamaji pamoja na watu wengine. Majivu yake yakaletwa Tanzania, yakazikwa Ngorongoro kando ya mwanawe.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa nirudi kwenye shauri letu, maana historia isiyogusa nyumba ya msomaji huwa kama mbegu iliyoachwa ghalani.

Mimi naona twende, na twende kwa mpango. Wakati unaofaa ni likizo ya Juni, alizeti ikiwa imevunwa, mvua zimekoma na barabara ni kavu. Tutoke Iguguno alfajiri, tupite Singida, Katesh chini ya Mlima Hanang, Babati, Minjingu na Makuyuni, kisha tupande ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, tukiliacha Ziwa Manyara likimeremeta nyuma yetu. Tulale Karatu. Asilazimishwe mtoto wala bibi kwenda na kurudi siku moja. Safari ni ndefu, na mtu aliyechoka haoni kitu.

Asubuhi yake tuingie langoni mapema. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, kwa sababu kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa nje, nasi tusilipe cha mgeni kwa kusahau kadi mezani. Basi kubwa halishuki ndani ya kreta. Huko huenda magari yenye nguvu ya magurudumu manne. Basi tupange hesabu mapema: gharama ya magari hayo igawanywe kwa jamaa zote, na akiba ianze mwezi huu kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa jamaa zisizoweza kabisa, nashauri mkutano wa wazazi ufikirie namna, ili asibaki mtoto mmoja akisimuliwa.

Ukingo wa kreta una mwinuko wa zaidi ya meta 2,200, na asubuhi una ukungu na baridi kali. Bibi zetu wachukue mablanketi na watoto wavae sweta za shule. Chini, karibu meta 600 kutoka ukingoni, kuna uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260, wenye ziwa la magadi, msitu, na vidimbwi vya viboko. Huko simba hupita karibu na gari, na kwa bahati njema mtu humwona faru mweusi, mnyama ambaye nchi nyingi zimekwisha kumpoteza. Mtu asishuke garini isipokuwa mahali palipoonyeshwa. Tena mahali pa kulia chakula mwewe huzunguka juu, na humnyakua mtu kipande cha kuku mkononi kabla hajakifikisha mdomoni. Kwa hiyo kuku wa Singida waliwe ndani ya gari! Takataka zote zirudi nasi.

Kila mwanafunzi nitamwomba achukue daftari, achague aina moja ya mnyama, amhesabu kutwa nzima na kuandika saa na mahali alipomwona. Tukirudi tutajumlisha hesabu zetu na kuzitoa katika toleo lijalo la gazeti hili. Hazitakuwa hesabu za wataalamu, lakini zitakuwa zetu.

Na kabla ya kushuka, tusimame ukingoni penye mnara wa mawe, sisi na watoto wetu. Tutawaeleza wadogo kwamba baba na mwana wamelala hapo, kwamba walitoka mbali kuwahesabu wanyama wetu, na kwamba watu wengi wa nchi za mbali wamekuja baada yao kutazama. Kisha tuwaulize kwa nini mtoto wa Frankfurt aijue Ngorongoro kuliko mtoto wa Iguguno. Mimi sina jibu la kulitetea jambo hilo. Najua tu dawa yake, nayo ni kwenda.

Wazazi ambao bado wana shaka wanakaribishwa sana katika mkutano wa mwisho wa muhula. Waje na maswali yao yote, na hasa waje na hesabu zao, maana shauri hili litasimama au kuanguka kwa hesabu.